UZI: Uvimbe wa GIST tumboni – vipimo, upasuaji, na kwa nini nyama iliyotolewa lazima ifike maabara

Mwanzisha uzi

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni daktari wa upasuaji, na kwa muda mrefu nimekusudia kuandika kuhusu uvimbe mmoja wa njia ya chakula ambao ni nadra, lakini ambao mgonjwa wake ana nafasi nzuri kuliko wagonjwa wengi wa saratani za tumbo, mradi utambuliwe kwa jina lake na utolewe vizuri mara ya kwanza. Kitaalamu unaitwa GIST (kwa Kiingereza gastrointestinal stromal tumor), nami nitatumia kifupi hicho kwa sababu ndicho mgonjwa atakachokikuta kwenye karatasi ya majibu.

Saratani ya tumbo tuliyoizoea huanzia kwenye utando wa ndani, ule unaogusana na chakula. GIST haianzii hapo. Huanzia ndani ya ukuta wenyewe, katika seli za Cajal au zile zinazozizaa, ambazo kazi yake ni kuuongoza utumbo katika kusukuma chakula. Jina hilo limetokana na Santiago Ramón y Cajal, mwanasayansi wa Hispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Kwa miaka mingi madaktari waliuhesabu uvimbe huu kuwa wa misuli laini, mpaka mwaka 1983 Mazur na Clark walipoonyesha kwamba nyingi ya nyama hizo hazikuwa na alama za misuli, na mwaka 1998 kundi la watafiti wa Japani likiongozwa na Hirota likagundua hitilafu katika jeni ya KIT. Jeni hiyo hutengeneza protini inayokaa juu ya seli na kuiamuru igawanyike pale tu inapopokea ishara kutoka nje. Katika GIST nyingi, protini hiyo hutoa amri mfululizo bila kupokea ishara yoyote. Naomba mlishike jambo hili, kwa kuwa matibabu yote ya dawa nitakayoyaeleza yamesimama juu yake.

Katika nchi zenye kumbukumbu nzuri za wagonjwa, hupatikana watu kama 10 hadi 15 wenye GIST katika kila watu milioni moja kwa mwaka, na wengi wao wana umri wa miaka 60 au zaidi. Takriban asilimia 60 ya GIST hutokea kwenye mfuko wa chakula na asilimia 30 kwenye utumbo mwembamba. Zinazobaki hupatikana zaidi kwenye puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, na chache sana kwenye umio.

Shida ya kuutambua inatokana na mahali unapoanzia. Kwa kuwa unakua ndani ya ukuta, na mara nyingi unaelekea nje badala ya kuziba njia, mgonjwa anaweza kuendelea kula na kufanya kazi zake huku uvimbe ukifikia ukubwa wa sentimita 10 bila maumivu ya kumtisha. Dalili inayowaleta wengi hospitali ni damu. Utando uliofunika uvimbe huchanika, damu huvujia ndani kidogo kidogo, na mgonjwa huanza kuchoka, kuhema anapopanda ngazi, na kupata choo cheusi kinachonata chenye harufu kali. Wengine hutapika damu, wengine hugusa wenyewe uvimbe wakiwa wamelala chali, na wengine hugunduliwa kwa bahati katika ultrasaundi iliyofanywa kwa sababu nyingine.

Nimeuanzisha uzi huu kwa sababu ya wagonjwa wa aina hiyo ya kwanza. Mtu anayepungukiwa damu tena na tena na kuongezewa chupa baada ya chupa, huku akiandikiwa dozi nyingine ya vidonda vya tumbo, anastahili kutafutiwa mahali damu inapotokea mpaka papatikane.

Mchangiaji (Tanga)

Shikamoo daktari, na asante kwa uzi huu. Mama yangu mzazi amepimwa kwa kamera mara moja, wakachukua kinyama, na majibu yakasema utando wa tumbo una mchubuko wa kawaida tu. Lakini damu bado inashuka. Je, kamera inaweza kupita bila kuuona uvimbe kama huu?

Mwanzisha uzi

Marahaba ndugu yangu, na pole kwa kumuuguza mama. Jibu ni ndiyo, na hutokea kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kwamba kamera inaona kitu lakini kinyama hakikifikii. Anayepima huona mwinuko wa duara, laini, uliofunikwa na utando wenye rangi ya kawaida kabisa, pengine ukiwa na kidonda kidogo katikati kinachovuja damu. Koleo dogo la kamera hunyofoa utando wa juu peke yake, na uvimbe uko chini yake. Mtaalamu wa patholojia husoma alichopelekewa, naye huandika kwa haki kabisa kwamba utando ni wa kawaida au una mchubuko. Kwa hiyo majibu kama hayo, yanapoambatana na maelezo ya mwinuko, hayamsafishi mgonjwa. Iangalie ripoti ya kamera yenyewe na usiishie kwenye majibu ya kinyama; kama kuna mahali pameandikwa kwamba ukuta umesukumwa au umeinuka, hatua inayofuata ni kipimo cha CT cha tumbo chenye dawa ya kung'arisha mishipa, au kamera yenye ultrasaundi kwenye ncha yake pale inapopatikana.

Njia ya pili ni kwamba uvimbe hauko mahali kamera ilipofika. Kamera ya juu huishia kwenye duodenamu, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, na ya chini hutazama utumbo mpana na kipande kifupi tu cha mwisho wa utumbo mwembamba. Mita kadhaa za utumbo mwembamba hubaki bila kutazamwa, na humo ndimo GIST 3 kati ya 10 hukaa. Kama kamera zote mbili ni safi na damu inaendelea kushuka, CT ya tumbo ndiyo ya kuidai. Simwambii mama kwamba ana uvimbe, kwani sijamwona. Nasema uchunguzi wake haujakamilika.

Mchangiaji (tabibu, wilayani)

Daktari, nina swali la kitaalamu kidogo. Tumefundishwa kwamba uvimbe wowote upate kinyama kwanza kabla ya upasuaji. Lakini nimewahi kusikia mabingwa wakikataza kuchoma sindano kwenye uvimbe wa aina hii. Lipi ni sahihi?

Mwanzisha uzi

Yote mawili, mkuu, kila moja mahali pake. GIST ni laini, ina mishipa mingi ya damu juu yake, na mara nyingi katikati yake pameoza au pamejaa damu. Sindano inayopita ukuta wa tumbo kutoka nje inaweza kusababisha damu kuvuja, na ipo hofu ya kumwaga seli katika uwazi wa tumbo. Ndiyo maana uvimbe unaoonekana kwenye CT kama GIST, ambao unaweza kutolewa wote bila kumlemaza mgonjwa, unaruhusiwa kutolewa moja kwa moja bila kinyama, na uvimbe wote ukawa ndio kinyama.

Kinyama kabla ya upasuaji kinakuwa cha lazima katika hali tatu. Ya kwanza ni pale unaposhuku kwamba si GIST, na hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee: kifua kikuu cha tumbo na saratani ya tezi za limfu vyote huleta uvimbe tumboni, na vyote hutibiwa kwa dawa, kwa hiyo kumpasua mgonjwa huyo ili kuondoa utumbo wake ni kumwongezea mzigo asiouhitaji. Ya pili ni pale uvimbe ulipo mkubwa au umekaa pabaya kiasi kwamba unataka kuanza na dawa ili upungue. Ya tatu ni pale ulipokwisha kusambaa, hasa kwenye ini, ambako hupenda kwenda. Katika hali hizo, kinyama kichukuliwe kwa kamera yenye ultrasaundi ikiwezekana, kwa sababu sindano hupita ndani ya ukuta wa mfuko wa chakula wenyewe.

Kuhusu upasuaji wenyewe, naomba niueleze kwa kirefu, kwani ndipo mgonjwa anapopona au anapopoteza nafasi ya kupona.

Tumbo linapofunguliwa, GIST ya mfuko wa chakula mara nyingi huonekana ikining'inia kutoka ukutani, ya rangi ya waridi iliyopauka, yenye mabaka ya damu iliyoganda na mishipa minene iliyotambaa juu yake. Imefunikwa na ngozi nyembamba inayomdanganya mpasuaji mgeni adhani anaweza kuimenya na kuitoa ndani ya ngozi yake. Asifanye hivyo, kwa kuwa ngozi hiyo ina seli za uvimbe. Ikishikwa kwa koleo au kuvutwa kwa nguvu, hupasuka kama papai lililoiva kupita kiasi, na kilichomwagika hakizoleki kikaisha. Uvimbe uliopasuka, iwe kabla ya upasuaji au mikononi mwa daktari, huhesabiwa kuwa wenye hatari kubwa ya kurudi, hata kama ulikuwa mdogo na seli zake zilikuwa tulivu. Kwa sababu hiyo mpasuaji hushika ukuta mzima ulio pembeni, hukata akiacha ukingo safi kuzunguka uvimbe, na kama anatumia matundu madogo, hautoi uvimbe bila kuutia kwanza kwenye mfuko.

Linalowashangaza wengi ni udogo wa kiasi kinachohitaji kukatwa. Katika saratani ya kawaida ya mfuko wa chakula tunaondoa sehemu kubwa ya mfuko pamoja na tezi zake za limfu. GIST kwa kawaida haisambai kwa njia ya tezi, kwa hiyo hatuzifagii, na mara nyingi kipande cha ukuta chenye umbo la kabari kinatosha, kisha ukuta unashonwa na mgonjwa anabaki na mfuko wake. Naona uchungu ninapokutana na mtu aliyeondolewa mfuko wote kwa uvimbe ambao ungetoka na kipande kidogo tu cha ukuta.

Pagumu ni duodenamu na puru. Duodenamu imeshikana na kongosho na mfereji wa nyongo, na uvimbe wa hapo unaweza kulazimisha mojawapo ya operesheni kubwa kuliko zote za tumbo. Puruni, unaweza kumfanya mgonjwa apitishe haja kwenye mfuko ubavuni maisha yake yote. Kwa hawa ni busara kuanza na imatinib, dawa inayoizuia ile protini ya KIT, kwa miezi 6 hadi 12, uvimbe usinyae, kisha kupasua kidogo. Tahadhari moja tu: katika miezi ya mwanzo uvimbe unaotibika unaweza kubaki na ukubwa uleule, au hata kuongezeka kwa kuwa umejaa maji, huku ndani umekufa. Anayesoma CT apime pia kiwango cha weupe au weusi wake kwenye picha, asiangalie sentimita peke yake, ama sivyo dawa inayofanya kazi itaachishwa.

Mchangiaji (fundi sanifu maabara)

Naomba kuongezea kutoka upande wetu, kwa kuwa tunayaona mengi mapokezi. Ndugu wa mgonjwa huja na kopo walilokabidhiwa wodini, uvimbe umeshindiliwa ndani ya kopo lenye mdomo mwembamba, na formalini haifiki hata nusu. Wengine huja na nyama iliyowekwa kwenye maji ya chumvi tangu juzi. Formalini iwe ya asilimia 10, wingi wake uwe mara 10 ya nyama, na kopo liwe na mdomo mpana. Uvimbe mkubwa ukatwe ili dawa ipenye, la sivyo nje huhifadhika na katikati huoza, na nyama iliyooza haishiki rangi tunazohitaji kuupa uvimbe huu jina. Fomu nayo ijazwe. Kuandika "uvimbe wa tumbo" bila kusema umetoka kwenye mfuko wa chakula au utumbo mwembamba, na bila kusema ulipasuka au la, ni kutunyima nusu ya jibu.

Mwanzisha uzi

Nakushukuru sana. Hili ndilo lililonifanya niweke maabara kwenye kichwa cha uzi. Wapo wagonjwa waliopasuliwa vizuri, kisha kopo likakaa dirishani nyumbani kwa sababu fedha ya kipimo ilikuwa imeishia kwenye upasuaji, au kwa sababu daktari aliwaambia kwamba uvimbe umetoka wote. Wanarudi baada ya muda tumbo likiwa limejaa vivimbe, na hakuna ajuaye wa kwanza ulikuwa nini. Familia ipangie fedha ya maabara pamoja na ya upasuaji tangu siku ya kwanza.

Majibu yanapotoka, tafuteni mambo haya kwenye karatasi. Rangi maalumu zinazoitwa CD117 na DOG1 ndizo zinazothibitisha kwamba ni GIST. CD117 hukubali katika takriban asilimia 95. Kisha pawepo ukubwa kwa sentimita, mahali ulipotoka, hali ya kingo, na idadi ya seli zilizokutwa zikigawanyika katika eneo la milimita 5 za mraba. Namba hiyo ya mwisho mara nyingi husahaulika, nayo ndiyo yenye uzito. Mahali pia pana uzito: kwa takwimu za Miettinen na Lasota za mwaka 2006, uvimbe wa sentimita 5 hadi 10 wenye seli zisizozidi 5 zinazogawanyika uliendelea kusumbua katika asilimia 3.6 ya wagonjwa ulipokuwa kwenye mfuko wa chakula, lakini katika asilimia 24 ulipokuwa kwenye utumbo mwembamba.

Kwa upande wa pili, asitishike kupita kiasi aliyekutwa na kijivimbe kisichofika sentimita 2 kwenye mfuko wa chakula. Uchunguzi wa maiti uliofanywa Ujerumani ulikuta vidogo sana vya aina hii katika zaidi ya mtu 1 kati ya 5 waliopita miaka 50, na walikufa kwa mambo mengine. Vingi vinaweza kufuatiliwa kwa kamera bila kisu.

Mchangiaji (Mombasa)

Daktari, babangu alifanyiwa upasuaji na karatasi inasema hatari kubwa ya kurudi. Ameandikiwa imatinib ya miligramu 400 kila siku kwa miaka mitatu. Je, kweli ni lazima miaka yote hiyo? Na gharama yake mtu wa kawaida anaimudu vipi?

Mwanzisha uzi

Pole ndugu, na mwambie mzee kwamba ameangukia kwenye ugonjwa uliobadilika sana katika kipindi cha kizazi kimoja. Kabla ya mwaka 2000, GIST iliyosambaa haikuwa na dawa yoyote ya maana, kwani dawa za kawaida za saratani hazikuigusa. Mwezi Machi mwaka huo, huko Helsinki, mama mmoja ambaye uvimbe wake ulikuwa umeenea alianzishiwa imatinib, dawa iliyokuwa ikijaribiwa kwa saratani ya damu, kwa sababu ilijulikana kwamba inaizuia pia ile protini ya KIT. Uvimbe ukasinyaa kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana.

Kuhusu miaka mitatu, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwalinganisha wagonjwa wenye hatari kubwa waliopewa dawa mwaka 1 na waliopewa miaka 3 baada ya upasuaji. Kufikia miaka 5, walio hai walikuwa asilimia 82 katika kundi la kwanza na asilimia 92 katika la pili. Kwa hiyo ndiyo, ameandikiwa sahihi. Ningeuliza jambo moja zaidi: je, uvimbe umepimwa jeni? Zipo hitilafu chache, hasa ile ya jeni ya PDGFRA inayoitwa D842V, ambazo imatinib haiziwezi, na kumpa mzee dawa hiyo kwa miaka mitatu itakuwa bure. Na kwa mgonjwa mwenye umri mdogo, hususan msichana, GIST inaweza kuwa ya aina nyingine kabisa ambayo husambaa hadi kwenye tezi na haiisikii sana imatinib; huyo apelekwe kwenye kituo kikubwa mapema.

Kuhusu gharama, mambo ni afadhali kuliko zamani. Shirika la Afya Duniani liliiingiza imatinib kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na GIST imetajwa humo. Mahakama ya Juu ya India iliikatalia kampuni ya Novartis hataza ya dawa hii, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, mwezi Aprili 2013, na tangu hapo viwanda vya India vimeendelea kutengeneza imatinib ya bei nafuu. Pia kumekuwa na mpango wa msaada ulioanzishwa mwaka 2002 na Novartis pamoja na Max Foundation, na Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi ulizozifikia. Muulizeni daktari wake wa saratani kuhusu mpango huo, na muulizeni mwenye bima kama jina la GIST limeandikwa kwenye barua, kwa maana bila jina hilo maombi mengi hukwama.

Mchangiaji (Mombasa)

Asante daktari. Amevimba macho na anapata kichefuchefu, naye anasema akimaliza chupa hii anaacha kwa kuwa CT ni safi.

Mwanzisha uzi

Asiache. Uvimbe kuzunguka macho, hasa asubuhi, ni athari ya kawaida ya imatinib, na kichefuchefu hupungua sana dawa ikimezwa katikati ya mlo pamoja na glasi kubwa ya maji. Kukakamaa kwa misuli na kuharisha navyo hutokea, na vyote vina namna ya kutulizwa. Daktari wake akiona inabidi atapunguza kipimo au ataisimamisha kwa siku chache, lakini uamuzi huo utoke kliniki. Apimwe wingi wa damu na ini mara kwa mara, na amtajie daktari kila dawa nyingine anayomeza, zikiwemo za kifua kikuu na za kifafa, kwani baadhi yake huipunguza nguvu imatinib mwilini.

CT safi wakati yuko kwenye dawa ni habari njema, lakini haimaanishi kwamba seli zote zimekwisha. Utafiti wa Ufaransa uitwao BFR14, uliohusu wagonjwa ambao uvimbe wao ulikwisha kusambaa, ulionyesha kwamba walio wengi kati ya walioachishwa dawa waliona ugonjwa ukianza kukua tena, hata wale waliokuwa wametulia kwa miaka. Baba yako yuko katika hali nzuri zaidi ya hiyo kwa kuwa wake ulitolewa wote. Akamilishe miaka mitatu, kisha afanyiwe CT kila baada ya miezi 3 hadi 4 katika miaka miwili ya kwanza baada ya kuacha, kwa sababu huo ndio wakati uvimbe unaorudi hujitokeza zaidi.